Kwa Miguu Mjini Oslo, Siku za Noeli



Wahenga walisema: mtembea bure si mkaa bure, huenda akaokota. Kwa neno hilo tuliutembelea mji wa Oslo, mji mkuu wa Norwe, katika siku za Noeli, kwa miguu yetu wenyewe. Kazi ya ualimu ilikuwa imetupeleka huko, na kazi ilipokwisha tukabakiwa na siku chache kabla ya ndege ya kurudi. Tulichookota katika theluji ya mji ule ndicho tunachowaletea leo, akina baba na akina mama, mpate kukisoma jioni pamoja na watoto.

Jambo la kwanza limshangazalo mtu wa kwetu ni giza. Kwetu Kivu jua huamka mnamo saa kumi na mbili, hulala mnamo saa kumi na mbili, mwaka mzima, wala hatuoni ajabu. Lakini mjini Oslo, tarehe 22 Desemba, jua huchomoza saa tatu na robo asubuhi, na ifikapo saa tisa na robo alasiri limekwisha kutua. Mchana wote ni wa saa sita tu. Tena jua lenyewe halipandi juu ya vichwa vya watu, bali hupita chini karibu na vilima, kama mzee aendaye na mkongojo wake.

Wenyeji hawashindani na giza hilo kwa manung'uniko, bali kwa taa. Karibu kila dirisha lina nyota ya karatasi yenye taa ndani yake, au kinara chenye mishumaa saba. Tena tuliona desturi moja iliyotupendeza sana: watu hununua mganda wa nafaka na kuutundika nje, mtini au mlangoni, ili ndege nao wapate karamu yao ya Noeli, kwa kuwa theluji imefunika chakula chao chote. Tulisimama kitambo tukitazama ndege wadogo wakigombea mganda huo, tukasema moyoni: mji unaokumbuka ndege hauwezi kuwa mji wa watu wabaya. Mtaona sasa hivi kwa nini tulihitaji kujiambia neno hilo.

Siku ile ya tarehe 22 tulianza matembezi yetu katika bustani ya Frogner, upande wa magharibi wa mji. Watu wa nchi nyingi huja kuitazama, kwa ajili ya sanamu za mchongaji Gustav Vigeland, aliyefariki mwaka 1943. Ni sanamu zaidi ya 200, za shaba na za mawe: watoto, vijana, wazee, mama na wana wao. Karibu zote ziko uchi, na mwanzoni tuliona haya kuzitazama. Katikati imesimama nguzo ya jiwe moja, urefu wake mita 14 hivi, iliyochongwa miili 121 ya watu waliopandana wakielekea juu. Asubuhi ile theluji ilikuwa imewafunika wote vichwa na mabega. Hapo haya ikatutoka. Mtu asiye na nguo hajulikani kama ni tajiri au maskini, na aliyefunikwa theluji hajulikani rangi yake.

Lakini hatukwenda Frogner kwa ajili ya sanamu. Tulikwenda kwa sababu ya jina la nchi yetu.

Mwaka 1914 watu wa Norwe walifanya maonyesho makubwa katika viwanja hivyo vya Frogner, kusherehekea miaka 100 ya katiba yao ya mwaka 1814. Siku zile mji uliitwa Kristiania. Jina la Oslo lilirudishwa mwaka 1925. Walionyesha mashine zao, meli zao na kazi za mikono yao, na watu zaidi ya milioni moja walikuja kutazama. Tena, ili watu wafurahi, ilijengwa ndani ya maonyesho hayo mitaa ya vibanda vya makuti, ikaitwa Kijiji cha Kongo. Wakawekwa humo Waafrika wapatao 80, wanaume kwa wanawake na watoto wao. Walipika, wakala, wakasuka, wakalea watoto, miezi mitano, huku wageni waliolipa kiingilio wakipita na kuwatazama. Nao, wasomaji wapenzi, hawakuwa hata watu wa Kongo. Walikuwa wametoka Senegali. Jina la nchi yetu lilibandikwa juu yao kama kibao juu ya duka.

Tulisimama pale tukitafuta moyoni vibanda hivyo vilikuwa upande gani. Baridi iliuma mpaka kwenye mifupa ya vidole. Mzee mmoja aliyekuwa akitembea na mbwa wake alituona tumesimama mno, akadhani tumepotea njia. Akatusalimu kwa Kiingereza, nasi tukamjibu kwa Kiingereza chetu cha shule. Akauliza twatoka wapi. Tulipotamka jina la Kongo, uso wake uling'aa, akasema neno moja tu: «Mukwege!»

Mnajua wenyewe jinsi roho ya mtu hufurahi kusikia jina la kwao katika kinywa cha mgeni. Tukamshukuru. Kisha tukamwuliza kama anajua habari za kile kijiji cha mwaka 1914. Akatikisa kichwa: hakuijua. Tukamweleza kwa maneno machache. Mzee akanyamaza, akatazama theluji, kisha akasema kwamba babu yake alikaa mji huo mwaka ule, na bila shaka alikuja, kwa maana kila mtu alikuja. Hakuongeza neno jingine. Alitushika mkono kwa mikono yake miwili, akaenda zake na mbwa wake.

Kutojua kwake si ajabu. Mwaka 2014, ilipotimia miaka 100, wasanii wawili, Mohamed Ali Fadlabi aliyezaliwa Sudani, na Lars Cuzner wa Uswidi, walikijenga tena kijiji hicho katika bustani ileile, ili kuwakumbusha wenyeji. Yakatokea mabishano makali. Wengine walisema ni kutonesha kidonda, wengine wakasema kidonda kilichofichwa hakiponi. Na wenyeji wengi walikiri kwamba hawakupata kusikia habari hiyo, wala shuleni wala nyumbani. Nasi tusijisifu: sisi walimu wa Kongo, ni wangapi kati yetu tuliipata kuifundisha?

Toka Frogner tukashika njia ya Bogstadveien kuteremka mjini. Ni njia ya maduka, na watu walikuwa wengi kama siku ya soko, wamebeba vifurushi vya zawadi. Hapo nusura tupate ajali, na kosa lilikuwa letu. Tulitia mguu barabarani bila kutazama, kwa kuwa hatukusikia ngurumo ya gari lolote. Mara gari likasimama karibu kutugusa. Lilikuja kimya kama paka. Dereva hakututukana, alitikisa kichwa tu, akatungoja tupite. Kumbe nchi ile yaongoza dunia kwa magari ya umeme: mwaka 2024, katika magari mapya 10 yaliyouzwa, karibu 9 yalikuwa ya umeme. Hewa ya mji ni safi, na mtu asikia hata hatua zake katika theluji.

Twasifu hewa hiyo safi. Lakini mtu wa Kongo hawezi kulitazama gari la namna ile kama mtu mwingine alitazamavyo. Betri nyingi za magari hayo zina kobalti ndani yake, na zaidi ya nusu ya kobalti ichimbwayo duniani hutoka kwetu, pande za Kolwezi na Likasi. Sehemu yake huchimbwa na watu wenye koleo na magunia tu, na watoto wameonekana kati yao. Hatusemi hivyo ili kumhukumu dereva yule mpole. Twasema kwamba mwaka 1914 watu wa mji ule waliionyeshwa Kongo isiyokuwapo, na leo Kongo iliyopo yapita mbele yao kila siku, kimya, wala hawaioni.

Njia ilitufikisha kwenye jumba la mfalme, lililokamilika mwaka 1849. Bustani yake haina ukuta wala boma. Watoto walikuwa wakiteleza katika theluji karibu na walinzi. Hapo tulikumbuka historia nyingine. Wajeremani walipoivamia nchi hiyo mwaka 1940, mfalme Haakon VII alikimbilia London, akakaa huko akiwa mkimbizi mpaka mwaka 1945. Na tangu mwaka 1947 mji wa Oslo hupeleka London kila Noeli mti mkubwa wa msonobari, kuwa shukrani kwa msaada wa miaka ile. Wafalme nao huwa wakimbizi. Tena watu wenye adabu hawasahau waliowapa hifadhi.

Mbele ya jumba hilo yateremka Karl Johans gate, njia kuu ya mji. Watu wa Jeshi la Wokovu walikuwa wamesimama wakiimba, na chungu cha sadaka kimening'inia kwenye miti mitatu. Siku hizi wenyeji hawatembei na sarafu, hivyo wengi walitoa sadaka yao kwa simu. Tukageuka upande wa bahari, tukafika mwisho wa safari yetu ya siku ile: Rådhuset, yaani nyumba ya baraza la mji.

Ni jengo kubwa la matofali mekundu lenye minara miwili, lililofunguliwa mwaka 1950. Nyuma yake ni bahari na gati ya meli. Mabaharia wengi wa nchi hizi za kaskazini waliajiriwa zamani na serikali ya mfalme Leopold II kuendesha meli katika mto Kongo. Kwa hiyo njia kati ya kwao na kwetu si mpya. Tuliingia ndani, wala mlangoni hawakutudai kitu. Ukumbi ni mpana na mrefu, kuta zake zimejaa picha za rangi kutoka chini hata juu. Hapo, tangu mwaka 1990, hutolewa kila tarehe 10 Desemba zawadi ya Nobel ya Amani.

Na hapo, tarehe 10 Desemba 2018, alisimama daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji wa Kiprotestanti, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1955, mwanzishi wa hospitali ya Panzi. Alipewa zawadi hiyo pamoja na Nadia Murad wa Iraki, kwa kazi yao ya kupinga ukatili unaofanywa juu ya wanawake katika vita. Wengi wenu mnawafahamu akina mama waliotibiwa Panzi. Labda ni dada zenu. Daktari hakuja mbele ya mfalme wa Norwe kutoa shukrani tu. Alianza na usiku wa tarehe 6 Oktoba 1996, hospitali yake ya Lemera iliposhambuliwa na wagonjwa wakauawa vitandani. Alisema juu ya ripoti ya makosa yaliyofanywa Kongo, inayooza katika mtoto wa meza huko New York. Akawaambia wasikilizaji wake kwamba simu, mapambo na magari wayapendayo yana madini ya kwetu ndani yake, na kwamba hata yeye ana simu. Jioni ile, kama ilivyo desturi, watu walikuja na mienge mpaka mbele ya Grand Hotel, naye akatoka rosheni pamoja na mwenzake kuwapungia mkono.

Tulikaa ukumbini muda mrefu. Kutoka Frogner mpaka Rådhuset, mtu aendaye polepole hutumia kama saa moja. Kutoka mwaka 1914 mpaka mwaka 2018 ni miaka 104. Kule Mwafrika alitazamwa wala hakuulizwa neno. Huku Mkongo alisema, na wakuu wa nchi wakakaa kimya wakamsikiliza. Tulitaka kufurahi, na kweli tulifurahi. Lakini swali lilitubana: waliomsikiliza walifanya nini baadaye? Na sisi wenyewe tuliopiga ngoma siku ile, tulifanya nini? Katika Kivu vita havikukoma.

Tarehe 24 mji ulibadilika. Wenyeji husherehekea Noeli hasa jioni ya siku hiyo. Maduka yalifungwa, mabasi yakapungua, njia zikawa tupu. Saa kumi na moja jioni kengele za makanisa yote zikalia pamoja. Tulikuwa tukipanda polepole kuelekea makaburi ya Vår Frelser, walimozikwa mwandishi Henrik Ibsen na mchoraji Edvard Munch. Jioni hiyo watu huwasha mishumaa juu ya makaburi ya jamaa zao. Tuliona taa mamia na mamia katika theluji, na watu wachache wamesimama bila kusema.

Karibu na makaburi hayo liko kanisa kuu la Mtakatifu Olav. Nchi ile iliacha Ukatoliki mwaka 1537. Parokia ya kwanza ilirudi mwaka 1843, na kanisa hilo lilijengwa mwaka 1856. Leo Wakatoliki wengi wa mji ni wageni: Wapolandi, Wavietinamu, Wafilipino, Watamili, Waafrika. Tulihudhuria Misa ya usiku wa manane tukiwa tumebanana kama dagaa. Ilipofika sala ya Baba Yetu, kila mmoja aliisali kwa lugha ya mama yake, nasi kwa yetu. Misa ilipokwisha, mama mmoja aliyekuwa nyuma yetu alitugusa begani.

«Baba, mumetoka wapi? Nimesikia mukisali.»

«Tumetoka Bukavu, mama.»

«Ee Mungu! Miye ni wa Fizi.»

Hakutuuliza kama tuna mahali pa kula. Alituambia tu tumfuate. Mwanawe, kijana wa miaka ishirini na zaidi, alituleta mlangoni gari lake, na lilikuwa la umeme. Tulipomwambia habari za kobalti, alicheka akasema: «Mwalimu, basi leo munabebwa na Kolwezi.»

Mezani palikuwa na uji wa mchele na maziwa, kama wenyeji wapikavyo, wenye lozi moja iliyofichwa ndani. Aipataye hupewa nguruwe mdogo aliyetengenezwa kwa sukari na lozi. Mtoto wa mwisho akaipata, akamkata nguruwe wake vipande akatugawia wote. Lakini kabla ya uji tulikula ugali wa muhogo, sombe na ndagala. Mama alitusimulia njia yake: vita, mtumbwi wa usiku kuvuka Tanganyika, kambi ya Nyarugusu huko Kigoma miaka mingi, mume aliyezikwa kambini, kisha ndege kuja kwenye theluji. Kijana alizaliwa kambini. Kongo hajaiona hata siku moja.

«Wazungu wananiuliza Kongo ni wapi,» mama alisema. «Nao watoto wangu wananiuliza vilevile.»

Tukaomba kalamu. Nyuma ya karatasi iliyofungia zawadi tukachora ziwa Tanganyika, tukatia Uvira, Baraka, rasi ya Ubwari, na Fizi juu mlimani. Mama akatusahihisha mara mbili, akaonyesha kwa kidole kilipokuwa kijiji chao. Watoto waliinamia karatasi ile kuliko walivyoinamia zawadi zao. Ndipo tukawasimulia Frogner na Rådhuset. Kijana alikuwa amekaa Oslo tangu utoto, amecheza mpira mara nyingi karibu na bustani ile, wala hakujua.

Tarehe 26 alitujia asubuhi, bila gari. Akasema: «Twende kwa miguu.» Tulikwenda naye mpaka Frogner, tukamwonyesha viwanja. Hakusema mengi. Aliuliza kama wale 80 walikuwa na watoto wadogo. Tukajibu: ndiyo. Akavua kofia yake katika baridi ile, akasimama kidogo, kisha akairudisha. Tukaendelea naye mpaka Rådhuset, tukahesabu saa moja na dakika tano.

Akina baba na akina mama, wengi wenu mna watoto au ndugu katika miji ya mbali. Mnapowaandikia au kuwapigia simu, msiwaombe fedha tu. Waelezeni kwao ni wapi, babu zao walikuwa nani, na mto unapita upande gani wa kijiji. Mtu asiyejua kwao, wengine watamwandikia kibao. Nasi tuliokaa nyumbani tuwafundishe watoto shuleni mambo yote mawili, ya mwaka 1914 na ya mwaka 2018. Na Noeli ijayo, mkimwona mgeni amesimama nyuma ya kanisa, mguseni begani.